Bafu la Trela la Bruda

Mhariri ameniomba niandike habari za kazi tuliyoifanya muhula uliopita katika lile trela kuukuu lililo nyuma ya karakana ya misheni. Nimekubali kwa moyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanafunzi wengi walipita pale kila jioni wakacheka, wakaenda zao bila kujua tulikuwa tukifanya nini. Ya pili, ndugu zetu wanafunzi wa zamani ndio waliotoa fedha za kazi ile, nao wana haki ya kujua fedha zao zimekwenda wapi.

Trela hilo ni nyumba ya magurudumu iliyotengenezwa Marekani. Kibati kilichopigiliwa karibu na mlango kinaonyesha mwaka 1964, lakini jina la kiwanda limefutika. Urefu wake ni futi 22, na nje limevikwa bati jembamba la alumini. Ndani mna vitanda viwili, jiko dogo na kabati. Nyuma kabisa ndiko liliko bafu pamoja na choo chake, chumba ambacho mtu mzima akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili.

Wamarekani walizoea kuyakokota matrela ya namna hii nyuma ya motokaa zao wakati wa likizo. Hata katika Afrika yetu yalipita. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, alianza kuongoza msafara wa matrela 41 ya alumini kutoka Cape Town, nao ukapita katika nchi yetu ya Uganda, ukafika Cairo mwaka 1960. Trela letu halikuwamo katika msafara huo. Lenyewe lilikuja baadaye kwa meli hadi Mombasa, likiwa zawadi kwa misheni, na Bruda akalikokota kwa Land Rover miaka mingi pamoja na masista wauguzi, wakitibu watu katika vijiji visivyokuwa na zahanati. Lilisimama mwaka 1979, wakati wa vita. Bruda aliyafungua magurudumu yote akayazika katika shamba la mihogo, ili asitokee mtu wa kulichukua. Magurudumu hayo hayakuzikuliwa tena, na trela likabaki juu ya mawe mpaka leo.

Bruda sasa ni mzee sana. Wengi wenu mlifundishwa naye useremala. Mwaka jana aliteleza katika bafu la nje, lile la saruji lililo ng'ambo ya ua, akalala pale muda mrefu kabla ya kuonekana. Mfupa wa nyonga haukuvunjika, lakini tangu siku ile akawa anaoga kwa ndoo chumbani mwake, na kijana mmoja humchukulia maji. Ikasemwa ahamishiwe nyumba ya wazee ya shirika lake, mbali na hapa. Bruda hakubishana. Aliuliza tu kama lile trela bado lina bafu, kwa sababu ndani yake hakuna ua wa kuvuka usiku, wala ngazi zaidi ya mbili. Mkuu wa shule akasema, bafu likiweza kutengenezwa, Bruda atahamia humo na kubaki nasi. Likishindikana, atakwenda. Basi kazi yetu ilikuwa na uzito huo.

Akaitwa fundi kutoka mjini, mzee mmoja aliyejifunza kazi kwa kutengeneza mabasi na mashua. Sisi wanafunzi tuliomsaidia tulikuwa watatu. Siku ya kwanza tulidhani kazi ni kupiga rangi, maana kuta zilikuwa zimegeuka manjano na beseni la kuogea lilikuwa na ufa mrefu katikati. Hata brashi tulikuja nazo. Mzee Fundi akazitazama, akatwambia tuzirudishe stoo. Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti, akaisukuma sakafuni kando ya beseni. Ile bisibisi ikazama mpaka mpini, kama inavyozama katika ndizi iliyoiva. Sakafu ilikuwa ya plaiwudi, nayo ilikuwa imeoza.

Sote tukasema beseni ndilo linalovuja. Yeye akasema, "Ufa tumeuona. Maji hatujayaona bado." Tukabandua ubao wa ukuta wa nyuma mpaka mbavu za alumini zikaonekana. Akamtuma mwenzetu apande ngazi kwa nje na ndoo za maji, nami akaniweka ndani ya bafu na kurunzi. Akaagiza maji yamwagwe kwanza chini, halafu juu kidogo, halafu juu zaidi, na kila mara tungoje. Ukianza kumwaga juu, alisema, kila mahali patalowa, nawe hutajua yaliingilia wapi. Ndoo ya kwanza, chini ya dirisha, palikuwa pakavu. Ndoo ya pili, juu ya dirisha, pakavu vilevile. Ndoo ya tatu ilimwagwa juu ya paa, kando ya tundu la hewa. Nikahesabu polepole, na nilipokaribia sitini nikaona uzi mwembamba wa maji ukiteremka juu ya ubavu wa alumini, ukapinda nyuma ya beseni, ukaingia sakafuni bila sauti yoyote. Nikapiga kelele kwamba nimeyaona. Mzee Fundi akaingiza kichwa mlangoni, akasema, "Haya, mshitakiwa ni beseni, na mwizi yuko paani."

Alitueleza sababu. Trela limetengenezwa kwenda barabarani, kwa hiyo kila kitu chake ni chepesi: alumini, plaiwudi, na faibaglasi, ambayo ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi iitwayo rezini. Gari likitikisika, maungio yote hucheza kidogo, na kinachozuia maji ni mpira na gundi iliyo katikati ya maungio. Jua la miaka mingi huukausha mpira, ukapasuka. Mvua ikinyesha, maji hayahitaji mlango. Huku kwetu mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, na trela lile lilisimama mahali pamoja zaidi ya miaka 40.

Tukaanzia paani. Tuliondoa mpira wote wa zamani kuzunguka tundu la hewa, na hapo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mtu mmoja wa zamani alikuwa ametia skrubu za chuma mahali pa ribiti za alumini. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, lakini bati la alumini ndilo lililoumia zaidi. Kila skrubu ilizungukwa na unga mweupe, na tundu lake lilikuwa limepanuka hata ncha ya kidole ikaingia. Katika darasa la Kemia nilikuwa nimekariri ile ngazi ya metali, kwamba alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Niliijua kwa mtihani. Siku ile niliifuta kwa kitambaa na kuiona mikononi mwangu. Tukaziba matundu yale kwa vipande vya bati la alumini na ribiti za alumini, tukatia gundi mpya ya kuzuia maji, kisha tukamwaga ndoo tano mahali pale pale. Ndani hapakuonekana hata tone.

Baada ya paa ikawa zamu ya sakafu. Tuling'oa beseni, tukakata plaiwudi iliyooza mpaka tukafikia mbao ngumu. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini tusimimine zege, tumalize kazi siku moja. Mzee Fundi akasema saruji mbichi huila alumini, na tena uzito wake ungeilemea fremu. Hivyo tuliacha mlango na dirisha wazi, fremu ikauke kabisa, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Siku ya Wanafunzi wa Zamani ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. Mjumbe mmoja wa kamati alikuja kuangalia kazi, akaona shimo mahali pa sakafu, na udongo wa chini ukionekana. Alikasirika. Akasema wageni waliotoa fedha wanakuja, na haifai waonyeshwe shimo. Akataka tutandike ubao wowote juu, turudishe beseni, tupige rangi nyeupe kila mahali, na yaliyobaki tuyamalize baadaye. Mzee Fundi akamjibu kwa adabu, "Mzee, nikipiga rangi leo, wageni wataiona rangi. Lakini wageni hawataoga humu." Yule mjumbe akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa shule.

Jioni ile niliitwa ofisini. Mkuu alitaka kusikia hali ya sakafu kutoka kwa mtu aliyeiona kwa macho yake. Njiani nilipita karakana nikachukua kipande cha ile plaiwudi, ukubwa wa daftari, nikakifunga katika gazeti. Mjumbe alikuwa bado ameketi pale, naye ni mtu mkubwa kuliko baba yangu, na ndiye anayesaidia kuandikia barua wale wanaoomba fedha za kusomea chuoni. Mimi ni mmoja wao. Sikuwa na maneno mengi. Nilikiweka kile kipande juu ya gazeti, nikakibonyeza kwa kidole gumba, na maji yakatoka, baada ya wiki nzima ya jua. Nikasema, "Bwana Mkuu, mahali pa kusimamia Bruda palikuwa hivi." Mkuu naye akabonyeza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwambie Fundi aendelee kama alivyopanga."

Kwa hiyo ninyi mliokuja Siku ya Wanafunzi wa Zamani mlionyeshwa bafu lisilo na sakafu. Najua wengine mlicheka, na mmoja aliuliza kama fedha zake zimenunua shimo. Lakini Bruda alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, na mtu aliyekuja kumwamkia akaliona trela ndani, akasimama ghafula. Alikuwa mzee mwenye mvi. Alikunja suruali yake akatuonyesha kovu juu ya goti. Alishonwa jeraha lile ndani ya trela hilo alipokuwa mtoto, kwa taa ya chemli, na Bruda ndiye aliyemshika mguu. Baada yake wakaja wengine na habari zao. Mtu mmoja akamwuliza Bruda kwa nini amekubali kazi icheleweshwe. Akajibu, "Nimeoga kwa ndoo mwaka mzima. Wiki tatu zaidi hazitaniua. Sakafu mbovu yaweza."

Wageni walipoondoka tukarudi kazini. Tulitandika plaiwudi mpya, ile ya kutengenezea mashua, lakini kwanza tuliipaka rezini pande zote mbili, na kingo zake mara tatu, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake kuliko kwa uso wake. Tukapima kwa pimamaji, tukaacha mteremko mdogo kuelekea tundu la maji machafu. Bomba la bafu tukalielekeza nje kwenye shimo lililojazwa mawe, na la choo kwenye tangi la misheni.

Halafu tukaligeukia beseni. Ule ufa haukutokea kwa uzee peke yake. Chini ya beseni palikuwa patupu, na kila mtu aliposimama, faibaglasi ilipinda kidogo, ikarudi, ikapinda tena, mpaka ikachoka. Mzee Fundi alitoboa kijitundu kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kukimbia. Tukaligeuza beseni, tukalikwaruza kwa msasa upande wa chini, tukabandika vipande vitatu vya kitambaa cha faibaglasi, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Rezini huchanganywa na dawa ya kuigandisha, na vipimo vyake havitaki kubahatisha: kwa gramu 500 za rezini tulitia gramu 10 za dawa, yaani mbili katika mia. Ukizidisha, hukauka upesi mno na kupasuka. Ukipunguza, hubaki laini. Mchanganyiko huo hutoa joto wenyewe, na joto la mchana huuharakisha, hata kopo likawa moto mkononi. Kwa hiyo tulifanya kazi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya misa. Tulivaa barakoa kwa ajili ya vumbi, ambalo huwasha ngozi kama upupu, na miwani kwa ajili ya ile dawa, ambayo ikiingia jichoni yaweza kulipofusha. Beseni lilipokauka tukaliweka juu ya mbao zilizopangwa karibu karibu, likaegemea kila mahali.

Mwisho kabisa ikaja rangi, ile tuliyodhani ndiyo kazi yote. Kabati la bafu lilikuwa na rangi ya zamani. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Marekani ilizikataza majumbani mwaka 1978. Kwa hiyo hatukuikwangua kavu, tuliisugua kwa msasa wa maji, na matope yake tukayakusanya yasimwagike bustanini. Beseni na kuta tuliziosha kwa sabuni mara mbili, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Tukapita na msasa wa namba 120, halafu 220, halafu 400, tukafuta vumbi, tukapaka rangi ya epoksi mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito. Pale pa kusimama tulinyunyiza mchanga laini uliooshwa, rangi ingali mbichi, tukapaka tena juu yake, ili unyayo upate pa kushika. Kipini cha kushikilia hatukukifunga kwenye bati. Tulitia kwanza gogo la mvule nyuma ya ukuta, likakamatana na mbavu mbili, ndipo tukakaza kipini. Sisi watatu tulining'inia hapo kwa pamoja, wala hakikutikisika.

Kopo la rangi liliagiza siku saba kabla ya kutia maji. Tulingoja siku saba. Siku ya nane Bruda akaletwa. Hakuitazama rangi hata kidogo. Alisimama mlangoni, akagonga sakafu kwa fimbo yake, hapa na pale, akiinamisha sikio kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye meza tulizomtengenezea. Akapanda ndani ya beseni na viatu vyake, akashika kipini, akajitupa uzito wote upande mmoja, kisha upande wa pili. Akauliza, "Chini yake mmeweka nini?" Tukamweleza yote, kuanzia paani. Akasema, "Vema. Sasa tokeni, nataka kuoga." Tulikaa nje juu ya mawe tukasikia maji yakimiminika kwa muda mrefu. Bruda yuko nasi mpaka leo, na jioni husikiliza redio humo.

Wenzangu wengine waliniuliza kwa nini mtu anayejiandaa kwa mtihani wa Senior 6 apoteze saa zake akisugua choo. Ati tulikuja shuleni tuepukane na kazi kama hizo. Mimi nasema, katika chumba kile cha futi chache nilikuta Kemia, nikakuta asilimia za hesabu, nikakuta na mtihani ambao mwalimu wake hawezi kudanganywa kwa mwandiko mzuri. Tena niliona jinsi ilivyo rahisi kwa watu wenye elimu kutaka rangi kabla ya sakafu. Huenda baadhi yetu tutakuwa wajumbe wa kamati, wahandisi, waganga au wakuu wa wilaya. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ningependa kuongeza kwamba anayeuziba ufa kwa rangi ataujenga ukuta huo huo, na huenda mtu akawa amekwisha kuangukiwa.

Kwa niaba ya wenzangu wawili namshukuru Mzee Fundi, aliyetufundisha bila kutudharau, na ninyi nyote mliotoa fedha. Vifaa vilivyobaki, yaani nusu kopo la gundi ya paani, ribiti na mabati, viko katika kabati la kijani la karakana. Sisi tunaondoka mwisho wa mwaka. Gundi ile haitadumu milele chini ya jua letu, kwa hiyo nawaomba ndugu wa Senior 5 mpande paani kila mwaka kabla ya mvua za Machi, mwangalie ukingo wa tundu la hewa. Ndoo tano zatosha. Mwanzie kumwaga chini, na mmoja akae ndani na kurunzi.